Mbuzi wa Shamba

Sehemu ya Tisa

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1993. Tangu alfajiri Kianjokoma ilikuwa imefunikwa na ukungu, manyunyu hayakukatika, na mlima haukuonekana hata ncha yake.

"Mama, usimeze!"

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita. Nelius ameketi kwenye benchi katika hoteli ya Nyaga. Mbavu ya mbuzi iko mkononi, kipande cha kwanza kiko mdomoni, na mwenye hoteli amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu mkononi, akimpigia kelele.

Nelius hakumeza.

Lakini hakutema pia. Mbele yake walikuwa wameketi wazee watano wa ukoo wa marehemu mume wake, na mwanamke wa heshima hatemi chakula mbele ya wazee. Akakisukuma kile kipande kwa ulimi, akakiweka shavuni, akafunga mdomo. Shavu likavimba kama la mtu anayeumwa na jino.

"Kuna sumu?" mteja wa meza ya nyuma akauliza, huku akiisukuma sahani yake mbali.

"Hoteli yangu haina sumu," Nyaga akajibu. "Mimi nachoma vile baba yangu alichoma kule Kiambere. Maji ya chumvi, makaa ya mgunga, na kungoja. Nyama ni safi. Ni kazi yake ndiyo si safi."

Misheck akainuka. "Nyaga, rudi jikoni kwako."

"Nitarudi. Kwanza nimuulize huyu mama jambo moja."

Ndugu msomaji, kama umeanza kusoma leo, Misheck ni kaka mkubwa wa Mwaniki, na Mwaniki alikuwa mume wa Nelius. Mwaniki alilala mauti miaka miwili iliyopita, Mungu amrehemu. Aliacha mjane, watoto watatu, na shamba la chai na kahawa pale Kanja. Shamba hilo bado lina jina la baba yao, ambaye naye ni marehemu. Tangu matanga yaishe, Misheck hajampa mjane usingizi. Leo anang'oa alama za mpaka, kesho anafunga njia ya kwenda mtoni.

Kisha Alhamisi akaja na pakiti mbili za sukari, uso umelainika. "Mama Munene," alimwambia Nelius, "tumegombana vya kutosha. Jumamosi njoo kwa Nyaga, tule mbuzi mmoja na wazee, tupatane."

Nelius alikuwa amechoka na ugomvi. Akakubali. Asubuhi ya leo alichuma majani ya chai tangu kukiwa na giza, akabeba kikapu hadi kituo cha kupimia, kisha akatembea kwenye matope hadi Kianjokoma bila hata kikombe cha uji. Alipofika alikuta nyama bado. Kwa Nyaga nyama haiharakishwi. Vipande huchomekwa kwenye vijiti vibichi kuzunguka moto, na Nyaga haviondoi mpaka mafuta yaache kudondoka. Kwa muda wa saa mbili Nelius aliketi na harufu ile puani, tumbo tupu, kope zikimlemea. Mbavu ya kwanza ilipoiva, Misheck mwenyewe akaichukua kwenye ubao na kumwekea mkononi.

Sasa Nyaga akamwuliza, "Mama, uliambiwa huyu ni mbuzi wa nini?"

Nelius hakuweza kujibu. Alionyesha shavu lake.

"Ni wa kupatana," Misheck akamjibia haraka.

"Si wa kupatana," Nyaga akasema. "Ni mbuzi wa shamba. Ameletwa jana jioni na yule bwana wa koti la kijani. Hii desturi mnaijua wote hapa. Mbavu ya kwanza hupewa mwenye nyumba inayotoa shamba. Akimeza, ametoa. Hata akilia baadaye, wazee watasema walimwona akila."

Kila mtu akamgeukia yule mgeni wa koti la kijani. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mtu mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Kwa nini unajiingiza?" Misheck akafoka. "Wewe si wa ukoo huu. Wewe kazi yako ni kuchoma."

"Na nimechoka kuchoma hawa mbuzi!" Nyaga akapaza sauti. "Kila Jumamosi ni mbuzi wa shamba. Wajane watatu nimewaona kwenye benchi hilo hilo, wanakula mashamba yao wenyewe, wananiambia ahsante, nyama ni tamu. Wa nne sitaki. Kama utahamia hoteli ingine, hama."

Nelius akawageuzia wazee kisogo. Akatoa leso kifuani, akaitoa nyama mdomoni, akaifunga. Kisha akawageukia tena, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wazee wangu, mnisamehe. Sikumeza."

"Amemeza!" Misheck akaruka. "Nimeona koo likishuka!"

"Ni mate."

"Mate gani? Alitafuna! Nimemwona akitafuna mara tatu!"

"Kutafuna si kumeza," akasema mzee mmoja.

"Nani alikuambia?" mzee mwenzake akapinga. "Kwetu mtu akitafuna amekula."

"Kwenu ni wapi? Si wewe ni jirani yangu?"

Wazee wakaanza kubishana. Mmoja alisema jambo hili halijawahi kutokea tangu azaliwe. Mwingine akasema lilitokea wakati wa nzige, lakini ilikuwa ni kondoo. Wa tatu alikuwa akitazama jikoni tu, maana njaa ilimbana.

Mzee Nyamu, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akagonga sakafu kwa bakora yake.

"Leteni hiyo leso."

Akaifungua polepole. Akachukua ile mbavu, akaishika mbele ya dirisha ambapo palikuwa na mwanga. Kisha, ndugu msomaji, usicheke, akakirudisha kile kipande kilichotafunwa mahali kilipong'olewa, akakigeuza huku na huku kama fundi anayejaribu kitasa.

"Iko yote," akasema.

"Na mafuta je?" Misheck akauliza. "Mafuta yameshuka tumboni!"

"Wee Misheck, tukianza kutafuta mafuta tutalala hapa. Mama hajala. Nimemaliza."

Moyoni Nelius alisema, "Asante Bwana," akafikiri sasa ataenda nyumbani.

Hakujua.

Misheck alijipanguza mikono kwenye suruali. Alipoongea tena, hakupiga kelele.

"Sawa. Hajala. Basi atakula sasa, akijua." Akamkaribia. "Shemeji, tusidanganyane. Wewe ulizaliwa Tharaka. Ulikuja Kanja na sanduku moja la mbao. Hakuna mti hata mmoja pale uliokuja nao. Cheti cha shamba kina jina la baba yangu, na mimi ndiye mkubwa. Bodi ya Ardhi, inayoidhinisha mauzo, inakaa Jumatano pale Embu mjini. Wazee wako hapa, mnunuzi yuko hapa. Kula, tumalize hii maneno. Nitakutafutia mahali kule chini Kiambere, karibu na bwawa. Kuna nafasi kubwa."

"Kiambere nitachuma nini?" Nelius akauliza. "Mawe?"

Meza ya nyuma wakacheka. Nyaga hakucheka, maana Kiambere ni kwao, lakini hakubisha.

"Utafuga mbuzi!"

"Fuga wewe, Baba Linda," Nelius akamjibu shemeji yake. "Mimi nimemzika mume wangu Kanja. Watoto wangu wanasoma Kanja. Nikila hii nyama leo, usiku watalala wapi?"

Hilo ndilo swali lililokuwa mezani. Mengine yote yalikuwa kelele.

"Umesema mama ametoka wapi?"

Sauti ilikuwa ngeni. Ilitoka mwisho wa benchi. Mtu wa koti la kijani alikuwa amesimama.

"Bwana Thuranira, keti," Misheck akamwambia. "Ni mambo ya nyumbani."

"Nimesikia Tharaka. Mama, ni kweli?"

"Ni kweli," Nelius akasema.

Mtu yule akaacha Kiswahili. Akamsalimia kwa lugha ambayo Nelius hakuwa ameisikia kwa muda mrefu mdomoni mwa mwanamume, ile ya upande wa Meru. Akamwuliza jina la baba yake. Nelius akamwambia, ni Mutegi. Akamwuliza ukoo wa Mutegi. Nelius akautaja. Mimi sitautaja hapa gazetini, kwa sababu watu wake wako hai na hawakuniomba.

Thuranira alirudi nyuma hatua mbili. Mkononi alikuwa na kisu kidogo cha kukatia nyama. Akakiweka mezani. Akatazama mikono yake, akaifuta kwenye koti, akaifuta tena.

"Mungu wangu," akasema. "Nilikuwa naenda kufanya nini?"

"Nini tena?" Mzee Nyamu akauliza. "Ongea lugha ambayo tunasikia."

"Wazee, mimi natoka Tigania. Ukoo wetu na ukoo wa baba ya huyu mama ni gichiaro."

Wale wazee wa Embu wakatazamana.

"Hiyo ni nini? Ni ugonjwa?"

"Ni undugu. Babu zetu walikula kiapo, damu kwa damu, kabla ya mzungu kuja. Mtu wa gichiaro humdanganyi. Humpigi. Humuoi. Akikuomba kitu, humnyimi. Ukimdhulumu, nyumba yako inaisha. Nimeona kwa macho yangu mtu aliyemnyima ndugu wa gichiaro maji ya kunywa. Sitasema kilichompata. Mimi ni Mmethodisti, nimebatizwa, naimba kwaya. Lakini shamba la huyu mama siwezi kununua. Hata mkinipa bure."

"Mambo ya giza!" Misheck akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mwaka huu wa tisini na tatu bado unaogopa viapo? Shemeji, wewe umeokoka. Kila Jumapili unashuhudia. Waambie hapa kama unaamini gichiaro!"

Swali hilo lilimchoma Nelius.

Kwa maana ni kweli alikuwa ameokoka. Siku aliyobatizwa, mhubiri aliwaambia waache viapo vya wazee nyuma yao, naye akaacha, na hakuwahi kugeuka. Miezi yote hii alikuwa akipiga magoti kando ya kitanda akimwomba Mungu amtetee. Alitazamia labda wakili, labda mkubwa wa wilaya. Hakutazamia msaada utoke kwenye damu ya mababu ambao hata hawakulijua jina la Yesu. Aliona haya kuupokea. Tena aliona haya kuukataa, kama mtu aliyeomba mkate kisha anauliza umeokwa na nani.

Akainamisha kichwa. Midomo yake ilitikisika. Nyaga akavua kofia. Hata wale wa meza ya nyuma waliacha kutafuna.

"Baba Linda," akasema alipomaliza, "mimi naamini Yesu. Huyu bwana anaogopa kunidhulumu. Wewe na mimi tunapokea meza ya Bwana pamoja, na wewe huogopi. Sasa nikuulize, kati yenu wawili giza liko wapi?"

"Dada," Thuranira akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. "Niombe. Ukiniomba siwezi kukataa, na hawa wazee watasikia."

"Ninaomba uniachie shamba."

"Nimeacha. Wazee, mmesikia? Mimi Thuranira, sinunui."

Wazee wakaguna. Halafu yule mwenye njaa akauliza lililokuwa mioyoni mwa wengi.

"Sasa huyu mbuzi ni wa nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mbuzi wa shamba haliwi kama shamba haliuzwi. Mbuzi wa kupatana haliwi kama watu hawajapatana. Na hapo jikoni mapaja yote mawili yalikuwa yameiva, mafuta yameacha kudondoka.

"Ni wa njaa," Thuranira akasema kwa uchovu. "Nilimnunua mimi. Kuleni tu. Hana kazi ingine."

Mzee Nyamu akafikiri. "Kila mmoja aseme kabla ya kula."

Basi kila mzee alipoletewa kipande alisema, "Nakula kwa njaa," ndipo akala. Nyaga alikatakata juu ya ubao, kisu kikilia tak tak tak. Akaleta ugali wa moto, kachumbari, mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, uliokolea pilipili, na supu ya mifupa yenye uchungu wa mizizi. Mbuzi wa Mbeere, upande wa Kiambere, kama huyu, hula vichaka vikavu, na nyama yake huhitaji meno. Ukungu ulikuwa umeingia hadi mlangoni, na wote walikula kama watu waliorudi kutoka mazishini, vichwa chini, wakisikiliza mvua kwenye mabati.

Nelius alisema, "Nakula kwa njaa," akala. Ilikuwa nyama ya kwanza tangu Krismasi. Machozi yalimtoka akitafuna, na hakujua ni ya nini. Alikuwa amechoka mno hata kufurahi.

Alikuwa bado ana tonge mkononi Thuranira aliposogea karibu.

"Dada, na mimi nina ombi."

Nelius akalirudisha tonge kwenye sahani.

Alikuwa binti ya Mutegi, na alikumbuka. Gichiaro ina pande mbili. Yeye aliyeomba akapewa, naye akiombwa, hanyimi.

"Sema, ndugu yangu."

"Nilikuwa na duka dogo kule Bonde la Ufa. Mwaka jana wavamizi walikuja na mishale. Walichoma duka na nyumba. Mke wangu na watoto wanne wanalala kwenye ghala la kanisa, kati ya magunia. Nyumbani Tigania tuko ndugu wanane, shamba limekatwa mpaka hakuna pa kuchimba choo. Niliuza miti yangu ya miraa, ile ya babu, ili ninunue kwa shemeji yako. Miezi saba natembea natafuta. Hapa ndipo nilifikiri nimefika." Hakuinua macho. "Sikuombi uniuzie. Naomba pembe moja tu pale mtoni. Nijenge kibanda, watoto waingie shule, mpaka nipate kwangu."

Misheck akacheka kwa sauti.

"Hee! Mmeona? Mume mpya amepatikana! Mwaniki hata majani hayajaota vizuri kaburini!"

Thuranira aliinuka kwa ghafula hata benchi likaanguka.

"Usirudie hilo neno! Huyu kwangu ni dada. Kumsema hivyo ni kunitukana mimi na mama yangu. Ningekuwa kijana ungekuwa umelala chini sasa hivi."

"Keti," Nelius akamwambia, na akaketi. Hakuweza kumnyima dada ombi lake.

Nelius akatazama mikono yake, myeusi kwa utomvu wa majani ya chai. Jana alikuwa na vinywa vya watoto watatu na shamba linalonyemelewa. Sasa anaombwa kubeba wengine sita. Pale mtoni ndipo anapopanda viazi vya kiangazi. Mungu wangu, akasema moyoni, ulinijibu, na jibu lenyewe lina mke na watoto wanne.

Lakini alifikiria ghala. Alifikiria watoto wakilala kati ya magunia, wasiojua kesho watafukuzwa na nani. Ndilo lile swali alilomwuliza Misheck, la usiku watalala wapi, limegeuka, sasa linamtazama yeye.

"Njoo," akasema. "Leta mke wako. Mtajenga."

"Ngoja!" Mzee Nyamu akainua bakora. "Mama Munene, moyo wako ni mzuri, lakini ukoo wetu haujui hiyo gichiaro. Shamba halina jina lako. Utampaje mtu pembe ya shamba ambalo wewe mwenyewe hujapewa? Leo mnunuzi amekataa. Kesho Misheck atampata mwingine ambaye si ndugu wa mtu yeyote. Na mimi sitakuja kufungua leso kila Jumamosi. Nina miaka themanini na miwili. Nimechoka."

"Nifanye nini, mzee?"

"Nenda Jumatano kwa Bodi. Sema kwa mdomo wako kwamba shamba lina mjane na watoto, na mjane hakubali. Wakiandika hivyo, hata Misheck akichinja ng'ombe kumi, hawezi kuuza. Lakini ni wewe useme. Sisi tutashuhudia, hatutasema kwa niaba yako."

Aseme Nelius? Yeye ambaye kanisani hushuhudia kwa sauti ya chini hadi wa safu ya tatu hawasikii. Yeye ambaye Kiswahili chake huyeyuka akimwona karani.

Na Misheck? Ajabu ni kwamba Misheck hakuwa amekasirika tena. Alikuwa ameketi, akajivutia kipande cha paja, akasema kwa upole, "Nakula kwa njaa," akauma. Akatafuna taratibu. Nyaga alimwona akitabasamu, na tabasamu hilo halikumpendeza.

"Mzee ameongea vizuri," Misheck akasema. "Nami nakubali. Bodi iamue. Lakini, wazee, huyu mama tunamjua. Leo atasema ataenda, Jumatano atasema mtoto anaharisha. Mtaniweka nikingoja mpaka lini? Naye aweke neno lake mezani. Kama ataenda, aseme. Na kama hataenda, aseme itakuwaje. Sasa hivi, mbele ya watu."

"Hilo ni sawa," mzee mmoja akasema, mdomo umejaa.

"Mama, usiharakishe," Nyaga akanong'ona kutoka nyuma. "Huyu mtu anajua kitu."

Ndugu msomaji, kama ungekuwa pale ungemvuta kitambaa asiinuke. Thuranira alimtikisia kichwa. Lakini Nelius alikuwa amefika mahali ambapo mchovu hufika, pale ambapo hata hofu inakosa nguvu ya kumshika. Miaka miwili alikuwa amekimbia. Leo hakuwa na miguu ya kukimbia tena.

Akasimama. Akakaza kitambaa chake cha kichwa. Wazee wakaacha kutafuna, meza ya nyuma wakageuka, na Nyaga akaweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Nelius akaongea hadi wa barabarani wakasikia.

"Mimi Nelius, mke wa marehemu Mwaniki, nasema mbele ya wazee hawa watano, mbele ya Nyaga, mbele ya ndugu yangu Thuranira, na mbele za Mungu. Jumatano saa tatu asubuhi nitasimama kwa Bodi pale Embu. Nitasema shamba la Kanja haliuzwi, na kwamba huyu ndugu atajenga pale mtoni na watoto wake. Nisipofika, au nikifika nikanyamaza, siku hiyo hiyo nitawachukua wanangu tutoke Kanja kwa miguu yetu, na Misheck hataniona nikirudi kudai hata jani moja la chai."